Adhabu ya mwanamke huanza kabla ya hukumu

Novemba 13, 2017 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ilimtia hatiani mwigizaji Elizabeth Michael, ambaye Watanzania wanamjua zaidi kwa jina la Lulu, kwa kosa la kuua bila kukusudia. Jaji Sam Rumanyika alimhukumu kifungo cha miaka miwili. Kesi ilitokana na kifo cha mwigizaji mwenzake, Steven Kanumba, aliyefariki dunia Aprili 7, 2012.

Vijiweni na magazetini watu walibishana kama alistahili kufungwa au la. Mwendo wa kesi yenyewe haukujadiliwa sana, ingawa huko ndiko kwenye somo. Alianza kushtakiwa kwa kuua kwa kukusudia, kosa lisilo na dhamana, akawekwa mahabusu Segerea. Januari 2013 shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, na hapo ndipo dhamana ikawezekana. Hukumu ilikuja karibu miaka mitano baadaye. Mei 2018 alitoka gerezani kumalizia adhabu yake nje, kwa kutumikia jamii.

Shtaka zito mwanzoni, miezi ya mahabusu, shtaka kupunguzwa baadaye, kisha adhabu ambayo sehemu yake ingeweza kutumikiwa uraiani: hiyo ndiyo njia wanayoipita wanawake wengi wanaoshtakiwa nchini. Lulu alikuwa na mawakili na nchi nzima ikimfuatilia. Bibi Titi Mohamed, mwanasiasa aliyehukumiwa kifungo cha maisha katika kesi ya uhaini iliyoanza 1970 na kuachiwa 1972, naye jina lake halikusahaulika alipokuwa ndani. Mwanamke wa Ilomba hana jina la namna hiyo.

Ilomba ni kata ya Jiji la Mbeya iliyokaa kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Ni mahali pa nyumba za kupanga, gereji, mama lishe, na wanawake wanaoamka alfajiri kuwahi mzigo wa viazi, ndizi na nyanya katika masoko ya Soweto, SIDO na Mwanjelwa. Mwanamke wa hapa akikamatwa, njia yake inajulikana: kituo cha polisi, mahakamani, na akikosa dhamana, karandinga hadi Gereza la Ruanda ndani ya jiji hilohilo. Kwa kilomita si mbali. Ugumu uko katika kurudi, kwa sababu vitu vinavyomrudisha mtu nyumbani, yaani mdhamini, mali, wakili na ndugu wa kufuatilia, mwanamke wa kawaida anavyo vichache kuliko mwanamume aliyesimama naye kizimbani siku hiyohiyo.

Wachache, kwa hiyo wanasahaulika

Katika magereza ya Tanzania, wanawake ni kama watatu au wanne katika kila wafungwa na mahabusu mia moja. Hali hiyo inalingana na Afrika kwa ujumla. Duniani kote, hesabu iliyotolewa mwaka 2022 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Birkbeck, London, ilionyesha wanawake na wasichana zaidi ya 740,000 walikuwa gerezani, na idadi hiyo ilikuwa imepanda kwa takriban asilimia 60 tangu mwaka 2000.

Uchache huo ni jambo la kumshukuru Mungu, lakini una madhara yake. Mfumo hujengwa kwa kuwatazama walio wengi. Nchi ina gereza la wanawake la Kingolwira, Morogoro. Kwingine kote wanawake huwekwa katika sehemu iliyotengwa ndani ya magereza yaliyojengwa kwa ajili ya wanaume, na Ruanda ni mojawapo. Sheria ya Magereza ya 1967 inalazimisha watenganishwe na wanaume na walindwe na askari wa kike. Hilo linatekelezwa. Lakini bajeti ya sabuni, ratiba ya zahanati, karakana za ufundi na hata idadi ya mablanketi katika baridi ya Mbeya ya Juni na Julai hupangwa kwa kuangalia kundi kubwa kwanza.

Mwaka 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni za Bangkok, kanuni 70 kuhusu wanawake walio kizuizini. Mojawapo inataka taulo za kike zitolewe bure. Kwamba ilibidi dunia ikae kikao iandike jambo hilo kwenye karatasi inatosha kuonyesha magereza yalibuniwa yakimfikiria nani.

Mdhamini awe na mali isiyohamishika

Tuchukue mfano, usio wa mtu fulani. Mweka hazina wa kikoba anashtakiwa kwamba shilingi milioni kumi na mbili za wanakikundi hazionekani. Pengine amezila. Pengine amezikopesha kwa shoga yake naye akazihamisha kulipa deni la kausha damu. Hilo litaamuliwa na mahakama. Kwa sasa hakimu anasoma masharti ya dhamana: wadhamini wawili wenye vitambulisho, barua za serikali ya mtaa, na mali isiyohamishika. Kwa miaka mingi sheria imemtaka anayeshtakiwa kwa fedha au mali inayozidi shilingi milioni 10 aweke mahakamani fedha taslimu nusu ya thamani hiyo, au hati ya mali inayolingana nayo.

Barua ya serikali ya mtaa anaipata. Mtendaji anamjua, na mjumbe anajua hadi chumba alichopanga. Kitambulisho cha NIDA anacho. Linalobaki ni hati ya nyumba au ya kiwanja, na hapo ndipo nyuso zinapoanza kuangaliana. Nyumba ni ya mume na hati ina jina la mume, au ni ya wakwe, au ni ya kupanga. Shamba analolima kijijini kwao Rungwe ni la kaka yake. Rafiki zake ni wauza mboga wenzake, na hao mali yao yote iko juu ya meza sokoni na inaoza kabla ya Jumamosi.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Lakini Tangazo la Sheria za Mila la 1963, linalomweka mtoto wa kike nyuma katika urithi, limeendelea kutumika katika familia nyingi. Mwanamke aliyekosa urithi hakosi tu shamba la kulima. Siku akishtakiwa hana cha kuweka mezani, na shamba alilonyimwa na baba au kaka linageuka kuwa kitanda chake mahabusu. Hakimu hakumbagua, kwani sharti ni lilelile kwa wote. Ila sharti moja likiwekwa mbele ya mwenye nyumba na mbele ya mpangaji, matokeo hayawezi kuwa mamoja.

Vilevile yako makosa ambayo yamewavuta wanawake maskini polisi kwa vizazi: kupika gongo, kuuza pombe ya kienyeji nje ya saa au bila leseni, na "uzembe na uzururaji" unaomlenga mwanamke anayedhaniwa kuwa kahaba. Mama anayepika pombe Nyanda za Juu Kusini kwa kawaida ana sababu moja, nayo ni ada na unga. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa maoni ya kisheria kwamba sheria za uzururaji, zilizorithiwa na nchi nyingi kutoka kwa wakoloni, zinapingana na mikataba ya Afrika ya haki za binadamu, ukiwemo ule wa haki za wanawake uliopitishwa Maputo mwaka 2003. Maoni hayo yalitolewa umbali wa safari ya basi ya siku moja kutoka Mbeya. Msako wa usiku bado haujapata taarifa.

Kichanga kimekufa, shtaka linaanzia juu

Hakuna kosa linalomweka mwanamke mbali zaidi na huruma ya watu kuliko kuua mtoto wake mchanga. Hakuna pia ambalo sheria yenyewe imelitambua kwa uwazi zaidi kuwa la mwanamke. Kanuni ya Adhabu, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika mwaka 1930, ina kosa linaloitwa kuua mtoto mchanga. Linamhusu mama aliyesababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi 12 wakati akili yake ilikuwa haijatulia kutokana na uzazi au kunyonyesha. Maneno yake yanafanana na yale ya sheria ya Uingereza ya 1938. Adhabu yake ni ileile ya kuua bila kukusudia: jaji ana uhuru wa kutoa hata kifungo kifupi, au kumwachia mama kwa masharti, kutegemea mazingira.

Tatizo liko mwanzoni mwa safari. Polisi wanaokuta kichanga kwenye choo cha shimo au kwenye mfuko wa salfeti nyuma ya nyumba hawawezi kujua akili ya binti ilikuwaje usiku ule. Mara nyingi hufungua jalada la mauaji. Mauaji hayana dhamana. Mahakama ya chini haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo, kwa hiyo mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote. Kila baada ya siku 14 analetwa, jina linaitwa, wakili wa Serikali anasema upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Tarehe inafuatwa na tarehe. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa makubwa yakaachwa nje ya nafuu hiyo. Kifungu cha dhamana ambacho mawakili wamekizoea kwa namba yake, 148(5), kilitikiswa Mei 2020 Mahakama Kuu iliposema kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha mahali pake.

Hivyo binti ambaye mwishowe anaweza kupewa kifungo kifupi, au kuachiwa kwa masharti, anaweza kuwa tayari amekaa mahabusu muda unaozidi adhabu hiyo. Wakili wa kumtetea kwa gharama ya Serikali yupo kisheria, ila mara nyingi hukutana naye kesi inapokaribia kikao cha Mahakama Kuu. Daktari wa akili anamwona akiwa amechelewa: hali ya akili ya baada ya kujifungua hupimwa vizuri ndani ya siku na wiki za mwanzo, si mwaka unaofuata wakati maziwa yamekauka na binti amejifunza kutolia mbele za watu.

Na binti mwenyewe ni nani? Mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya imepeleka mabinti wengi mijini kufanya kazi za ndani. Wengine walipata mimba mikononi mwa watu wa nyumba walizozitumikia. Wengine walikuwa wanafunzi, na hadi Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi shule, mimba ilikuwa ndiyo mwisho wa masomo. Mimba ikawa siri, uzazi ukawa siri, na mtoto akazaliwa pasipo mkunga wala shuka safi. Akifikiria kuitoa mimba, anakutana na kifungu kingine: mwanamke anayejitoa mimba anaweza kufungwa hadi miaka saba. Katika mashtaka yote haya mawili, baba wa mtoto hana kifungu. Hati ya mashtaka haina hata nafasi ya kuandika jina lake.

Hasira ya ghafla na hofu ya miaka

Upande wa pili wa mauaji ni mume. Sheria ya Tanzania inakubali kwamba mtu aliyechokozwa akaua anaweza kuwa ameua bila kukusudia. Sharti lake ni kwamba kitendo kifanyike papo hapo, damu ikiwa bado inachemka, kabla hasira haijapoa. Kipimo hicho kinamfaa sana mwanamume aliyerudi nyumbani akamkuta mgeni chumbani. Kinamfaa mlevi aliyetukaniwa mama yake kilabuni.

Mwanamke anayepigwa miaka kumi huishi katika mwendo mwingine. Hana nguvu za kupigana papo hapo, akijaribu ndipo anapoumia zaidi. Anasubiri mume alale. Kwa macho ya sheria, kusubiri huko ni muda wa kupoa, na kupoa kunakaribia kuitwa kukusudia. Kumbe kilichokuwa kinamsukuma ni hofu, na hofu hukua kadiri usiku unavyoingia.

Uingereza, tulikorithi kipimo hiki, wao wameshakiacha. Kiranjit Ahluwalia, mwanamke wa asili ya India aliyemuua mumewe mwaka 1989 baada ya miaka ya kupigwa, alifungwa maisha kwa mauaji. Mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikatengua hatia hiyo kwa kuzingatia hali ya akili yake. Mwaka 2009 Bunge la huko likafuta utetezi wa zamani wa kuchokozwa na kuweka wa kupoteza uwezo wa kujizuia, likisema wazi kwamba si lazima iwe ghafla.

Hapa kwetu mlango wa hali ya akili ni mwembamba. Kuna kesi ya mwaka 1980 ambayo wanafunzi wa sheria wanaifahamu, ya mama aliyewanywesha watoto wake sumu baada ya ugomvi wa ndoa, akanywa na yeye, akapona. Mahakama ilikiri uzito wa mazingira yake, lakini sheria yetu inatambua wazimu au akili timamu, na katikati hakuna kitu. Akahukumiwa kunyongwa, kwa kuwa kwa kosa la mauaji jaji hapewi adhabu nyingine ya kuchagua. Mjamzito hunusurika kitanzi, na yeye hupewa kifungo cha maisha. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika iliamua, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, kwamba adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi. Tanzania haijanyonga mtu tangu miaka ya tisini. Watu waliohukumiwa wameendelea kukaa, wake kwa waume.

Mtoto na mlango wa wageni

Sheria ya Magereza inamruhusu mama kuingia na mtoto anayenyonya, akae naye hadi atakapoachishwa ziwa. Baada ya hapo mtoto hupelekwa kwa ndugu, au kwa ustawi wa jamii kama ndugu hawapo. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto unaziagiza mahakama zifikirie kwanza adhabu ya nje pale anayehukumiwa ni mjamzito au mama wa mtoto mdogo. Ni ibara ya 30, na Tanzania imeridhia mkataba huo tangu 2003. Wakili akiisoma mahakamani mbele ya hakimu anayejiandaa kutoa adhabu, anaweza kubadili mambo. Mama asiye na wakili hajui kama ibara hiyo ipo.

Wanaotembelea magereza, wakiwemo akina mama wa makanisa ya Mbeya wanaopeleka sabuni na kanga, wanajua tofauti iliyopo siku ya wageni. Mwanamume aliyefungwa hutembelewa na mke, mama na dada. Mwanamke hutembelewa na mama yake, kama bado yuko hai na ana nauli. Mume mara nyingi ameshaoa mwingine, au ndugu zake wamemkataza. Kwa aliyetoka Ileje au Momba, mkoani Songwe, nauli ya kwenda na kurudi Mbeya ni fedha ya mbolea. Watoto wanagawanywa kwa shangazi na bibi, na mkubwa wa kike ndiye anayeacha shule.

Hukumu ikitoka kwamba hana hatia, hakuna karatasi inayomrudishia chumba, kibanda cha sokoni wala nafasi yake katika kikoba. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwanamke huyu hunyongwa kwanza, na haki humfikia akiwa ameshapoteza yote iliyopaswa kuyalinda.

Yanayoweza kufanyika bila kujenga ukuta mwingine

Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya Kuangalia Jinsi ya Kuboresha Taasisi za Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huohuo akapokea ripoti yake. Mjadala wa msongamano na upelelezi ulipata nafasi kubwa, kama ilivyostahili. Lakini msongamano ukitatuliwa kwa hesabu ya vichwa tu, wanawake wachache hawatatikisa takwimu. Wanahitaji hatua zinazowalenga, na nyingi hazidai fedha nyingi.

Ya kwanza ni dhamana. Hakimu ana nafasi ya kuweka masharti yanayolingana na mtu aliye mbele yake. Kwa mama muuza mboga mwenye makazi yanayojulikana na watoto shuleni, wadhamini wawili waaminifu wenye barua ya mtaa na kazi inayofahamika wanatosha kumrudisha mahakamani. Hana pa kukimbilia.

Ya pili ni vifo vya vichanga. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inaweza kuweka utaratibu kwamba jalada la mama aliyejifungua ndani ya miezi 12 lisomwe na wakili mwandamizi na mama aonwe na daktari katika siku za mwanzo, ili shtaka sahihi liandikwe tangu siku ya kwanza badala ya kusubiriwa miaka. Sheria ya shtaka hilo ipo kwenye kitabu, haihitaji kutungwa upya.

Ya tatu ni kufikiria upya neno "ghafla" katika utetezi wa kuchokozwa. Hiyo ni kazi ya Bunge, na Tume ya Kurekebisha Sheria ina uwezo wa kuianzisha.

Ya nne ni kutumia kilichopo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ipo tangu 2002, na inamruhusu aliyehukumiwa kifungo kisichozidi miaka mitatu kufanya kazi za umma akilala nyumbani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 iliwatambua wasaidizi wa kisheria na kuwafungulia milango ya polisi na magereza. Msaidizi mmoja akikaa na mahabusu wa kike mara moja kwa wiki, akaandika majina, tarehe za kukamatwa, umri wa watoto na namba za simu za ndugu, mawakili wa kujitolea watajua waanzie wapi.

Lililobaki ni letu sisi wa mitaani. Dhamana haihitaji kwanza pesa, inahitaji mtu wa kusimama. Katika kila mtaa wa Ilomba yupo mwenye hati, mwenye ajira, mwenye jina linaloaminika kwa mtendaji. Mwanamume akikamatwa kwa ugomvi wa kilabuni, watu hao huonekana kituoni kabla ya saa nne asubuhi. Akikamatwa jirani wa kike, wanasema wanasubiri kuona mumewe atafanya nini.